Shahidi wa Kahawia

Kipande cha shahidi kilikuwa kimegeuka kahawia chote, na jambo la kwanza Kemilembe alilofikiri ni kwamba ameharibu kazi.

Aliondoa jicho kwenye hadubini, akapepesa, akarudi kutazama. Kahawia. Pale palipotakiwa kuwa na mstari mwembamba katikati, rangi ilikuwa imejaa ukingo mpaka ukingo kama uji uliomwagika mezani. Akaangalia vichupa vya dawa, akaangalia saa ya ukutani, akajaribu kukumbuka alipopitiwa. Labda aliiacha dawa dakika nyingi mno. Labda hakuosha vizuri. Alikuwa na miaka saba ya ufundi wa maabara katika hospitali hii ya misheni, nje kidogo ya Kayanga, na hata wasiompenda walikubali kwamba mkono wake haukosei. Leo mkono ulikuwa umemwaibisha.

Huyo shahidi hakuwa mtu bali kipande cha tishu ya mtu mwenye afya, kinachopakwa dawa ileile, siku ileile, bega kwa bega na kipande cha mgonjwa. Shahidi akitoa rangi pale panapojulikana, unaiamini dawa. Akitoa rangi ovyo, unatupa kazi yote na kuanza upya. Vitabuni jambo hilo lina jina refu, lakini mzee aliyewafundisha wote pale maabara aliliita shahidi, na neno likakaa.

Tishu yenyewe ilikuwa ya tezi ya adrenali, ile iliyokaa juu ya figo kama kofia iliyobonyea, moja kila upande. Ina ganda na ina kiini. Seli za ganda hutengeneza homoni za chumvi na za kuhimili shida. Seli za kiini hutengeneza adrenalini, ile inayomfanya mtu aruke kabla hajajua kama alichokanyaga ni nyoka au kamba. Bila dawa ya rangi hadubini haikuambii kwa uhakika seli ipi inatengeneza nini, ndiyo maana Daktari Rwegoshora, bingwa aliyekuja kutoka Mwanza wiki moja kila mwezi, alikuwa ameleta vichupa viwili. Dawa ya kwanza hushika seli za kiini pekee na kuzifanya kahawia. Ya pili hushika za ganda. Alikuwa akichunguza watu ambao presha yao haisikii dawa, na alichohitaji kwa Kemilembe ni shahidi mmoja mwaminifu.

Shahidi alitolewa stoo, kwenye boksi la mwaka 2011 lenye mabonge ya nta yasiyo na majina. Lebo ilisema: 114, figo na tezi, maiti, mwanamume. Hakuna aliyewahi kulikata bonge lile. Kipande cha figo alichokikata kwanza kilionekana safi, basi Kemilembe akaamini na tezi ni safi.

Alirudia kazi siku ya pili. Alipima dakika kwa simu yake, akaosha mara mbili zaidi ya ilivyoandikwa, hata chai hakunywa. Kahawia tupu. Ndipo akamwita daktari, na moyoni ameshaandaa maneno ya kuomba radhi.

Daktari Rwegoshora aliinama kwenye hadubini akakisogeza kipande kushoto na kulia.

"Dada Kemi, huyu shahidi umemtoa wapi?"

"Stoo, daktari. Nadhani nimeiunguza dawa. Nitarudia."

"Usirudie. Mkono wako hauna kosa. Hebu nipakie kipande kingine, kwa dawa ya ganda."

Saa tatu baadaye kipande cha pili kilikuwa tayari. Safari hii karibu chote kilikuwa kitupu, samawati hafifu, isipokuwa utepe mwembamba wa kahawia uliobanwa pembeni kabisa. Daktari alimpisha aone mwenyewe.

"Huo utepe ndio ganda lililobaki," alisema. "Limesukumwa na uvimbe. Kila ulichokiona jana ni seli za kiini, zimezaana mpaka zimejaza tezi nzima. Huyu mtu alikuwa akitembea na kiwanda cha adrenalini tumboni."

"Alijisikiaje?" Kemilembe aliuliza, kwa udadisi wa kazi tu.

"Vibaya sana, lakini kwa vipindi. Yuko vizuri, mara kichwa kinataka kupasuka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, midomo inakuwa myeupe, anashikwa na hofu bila cha kuogopa. Robo saa, anapoa. Watu humwambia ana mapepo, au ni mwoga. Kisha siku moja anainama, au anabeba kitu kizito, uvimbe unafinywa, presha inapanda mpaka mshipa wa kichwa unakatika. Nitafutie jina lake. Lazima ndugu zake waitwe, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingine hurithiwa."

Neno mwoga ndilo lililomgusa Kemilembe mahali asipopapenda. Alikwenda kwenye kabati la rejista. Rejista ya 2011 ilikuwa na jalada lililoliwa na mende. Alifuata namba kwa kidole: mia na kumi na mbili, mia na kumi na tatu.

Namba 114. Cleophace Kamugisha. Miaka 31. Kiruruma. Sababu ya uchunguzi: anahisiwa kulishwa sumu.

Alisoma tena. Akasoma mara ya tatu, kana kwamba jina nalo lingeweza kuoshwa likatoka. Nje pikipiki ilikuwa ikikataa kuwaka, na mwenye nayo alikuwa akiipiga mateke. Kemilembe alikaa chini, sakafuni, na koti lake jeupe, mbele ya daktari bingwa.

"Dada Kemi?"

"Ni kaka yangu," alisema. "Nimemkata kaka yangu."

Alipata mshtuko wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Na ndani ya mshtuko huo, naomba asihukumiwe haraka, kulikuwa na kitu kilichofanana sana na furaha. Alikiona, akakionea aibu, akakifukuza, na chenyewe hakikwenda mbali.

Cleophace alikuwa mtoto wa kwanza wa Ma Benadeta, na Kemilembe wa mwisho, miaka kumi na minne kati yao. Ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye njia ya migombani, yeye akikimbia nyuma ameshika kiti. Alikuwa na kifua kama mlango na sauti ya kuongoza kwaya. Lakini pale nyumbani palikuwa na kitu kilichoitwa woga wa Cleophace. Katikati ya mazungumzo angenyamaza, midomo ikampauka, jasho likamtiririka, akatoka kwenda kukaa peke yake migombani. Vijana wenzake walimcheka. Mama yake alifunga na kuomba. Mkewe, Tuyizere, alimfuata na kitambaa cha maji akakaa naye mpaka woga ukapita, bila kusema neno.

Tuyizere alikuwa binti wa familia iliyotoka Rwanda zamani ikawa inalima kwa kibarua huko Kyerwa. Ma Benadeta hakumpenda na hakujisumbua kuficha. Mkwe aliyemtaka ni mwingine, mwenye shamba lililopakana na lake.

Jumapili ile ya mwaka 2011 wageni walikuja baada ya ibada. Cleophace alipanda kutoka shambani na mkungu wa ndizi begani, akautua jikoni, akaingia sebuleni akiwa bado anahema. Katika nyumba ile mgeni hakukaribishwa kwa chai bali kwa emwani, kahawa ya kutafuna: buni zilizochemshwa na majani ya harufu, zikaanikwa, zikaletwa kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Na sheria ya nyumba ilikuwa moja. Anayeleta kikapu hutafuna punje ya kwanza mbele ya watu, ili kila mmoja aone kwamba mkono ulioleta ni msafi.

Tuyizere alileta kikapu, akakiweka mezani, akageuka. Hakutafuna. Cleophace alitia punje mbili mdomoni. Hajazimaliza, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akamwita mama yake kwa sauti ya mtoto mdogo, akaanguka. Alikata roho njiani kwenda hospitali.

Polisi walitaka mwili ufunguliwe; kichwa hakikuguswa. Vipande vya tumbo na ini vilipelekwa mbali kutafutiwa sumu, na majibu hayakurudi Kiruruma. Figo na kilichoshikamana nayo vilitiwa kwenye nta, vikapewa namba, vikasahauliwa. Ukoo haukungoja. Siku ya tatu baada ya mazishi walikaa, na baba mkubwa Dastan, aliyeongoza kikao, akamsimamisha Kemilembe kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa jikoni. Alikuwa na miaka kumi na saba.

"Kahawa ililetwa na nani?"

"Na wifi Tuyizere."

"Alitafuna ya kwanza?"

"Hakutafuna."

Maswali mawili, majibu mawili, na yote mawili kweli tupu. Lakini kweli nayo hukatwa vipande kama tishu, na aliyeshika kisu ndiye anayejua kilichobaki kwenye bonge. Tuyizere, aliyekuwa amekalishwa kwenye kizingiti kama mtu aliyekuja kuomba chumvi, alimtazama Kemilembe. Alikuwa akingoja. Kemilembe akatazama chini. Kabla jua halijazama mjane yule alikuwa barabarani, mtoto wa mwaka mmoja mgongoni na furushi kichwani, na hakuna aliyemsindikiza hata hatua mbili.

"Aliacha mtoto?" Daktari Rwegoshora aliuliza. Alikuwa amechuchumaa sakafuni karibu na Kemilembe.

"Mmoja. Wa kike. Sperancia. Sasa ana kumi na tano."

"Anaishi wapi?"

"Wanasema Murongo, kwenye mpaka."

Daktari aliinuka, akafungua mkoba wake, akampa mashine ya kupimia presha. "Nenda kampime. Na sikia vizuri. Kama anao, asiinue mizigo, na mtu yeyote asimchome nusukaputi kwa lolote, hata jino, kabla hajaandaliwa kwa dawa. Mwenye uvimbe huu akilazwa kwa nusukaputi hivihivi, anaweza asiamke."

Jumamosi asubuhi Kemilembe alikuwa ndani ya Probox iliyokuwa ikielekea mpakani, mashine magotini. Walipopita Kaisho alijaribu kupanga maneno. Kila sentensi aliyoianza ilimpeleka mahali alipokuwa amepakwepa miaka kumi na minne, akaiacha akaanza nyingine. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba njia ya aliyenyamaza ni ndefu na ina vumbi.

Tuyizere alikuwa na genge la ndizi mbivu na unga hatua chache kutoka kizuizi cha forodha, ambapo malori ya Uganda husimama kungoja karatasi. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele za mbele zilikuwa na mvi. Alimwona Kemilembe kabla Kemilembe hajaamua asimame wapi.

"Wifi," alisema. "Umepotea."

"Nimepotea, wifi. Habari za siku?"

"Za miaka, sema." Alimsogezea kigoda, kwa sababu mgeni ni mgeni. "Kaa. Kwangu hakuna kahawa. Sijawahi kuiweka ndani ya nyumba tangu nitoke kwenu, maana nani angeipokea mkononi mwangu?"

Kemilembe alikaa. Msichana mrefu aliingia na ndoo ya maji kichwani. Alikuwa na paji la uso la Cleophace na mabega yake, kama vile mtu amemkata kaka wa Kemilembe kwa mkasi na kumshona upya katika gauni.

"Mwamkie shangazi yako," Tuyizere alisema.

Msichana aliinama kutua ndoo. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Lakini hakuinuka vizuri. Alishika ukingo wa meza. Midomo ilipauka, halafu mashavu, na jasho likamtoka usoni papo hapo, katika asubuhi yenye baridi. Mkono ulimwenda kifuani. Alikuwa akitazama mbele yake kana kwamba kuna kitu mlangoni, na mlangoni hapakuwa na kitu. Tuyizere alichukua kitambaa, akakichovya ndooni, akamkalisha mwanawe na kuanza kumfuta, bila haraka, kwa mikono iliyokwisha kuzoea.

"Ni woga tu," alisema. "Wa baba yake. Utapita."

Kemilembe aliona jiko la Kiruruma. Aliona migomba. Alimfunga Sperancia mkanda wa mashine mkononi. Mashine ililia, ikahesabu, ikaonyesha: 214 kwa 130. Akafikiri imeharibika. Akaifungua, akafunga upya, akapima tena, kama alivyorudia rangi. 208 kwa 126. Mtoto wa miaka kumi na tano.

"Amewahi kupimwa hii?"

"Mtoto apimwe presha ya nini? Anasumbuliwa na koo. Jumatano wanamtoa mafindofindo, kwenye kliniki moja hapo ng'ambo ya mto, Uganda. Wamesema wanamlaza kwa nusukaputi, hatasikia kitu."

Kemilembe alihesabu siku. Jumatano. Siku nne. Kama rangi ile ingetoka vile alivyotaka, mstari mwembamba katikati, angefurahi, angeandika shahidi mzuri, angekwenda nyumbani, na Jumatano mtoto huyu angefumba macho ng'ambo ya mto.

Akasema yote, bila kupanga. Alieleza bonge la nta na namba 114, rangi iliyojaa, uvimbe juu ya figo, adrenalini, mshipa uliokatika kichwani. Alieleza nusukaputi. Alisema, "Hakuna mtu aliyemlisha Cleophace kitu, wifi. Ni ugonjwa. Imeonekana. Wewe huna hatia."

Alikuwa ametarajia machozi. Pengine, Mungu amsamehe, alikuwa ametarajia shukrani. Tuyizere aliendelea kumfuta mwanawe shingoni mpaka rangi ya midomo iliporudi. Kisha akamwambia Sperancia akalale chumbani, na asibebe ndoo tena. Msichana alipokwisha kuingia ndipo alipogeuka.

"Hiyo rangi yako imekwambia nini ambacho hukukijua?"

"Wifi..."

"Kwamba sikumuua mume wangu, mimi nilijua. Na wewe ulijua. Kahawa ile uliichemsha wewe. Majani uliyachuma wewe. Uliitia kikapuni ukatafuna punje mbele yangu, pale kwenye mafiga, ukaniambia: wifi, peleka tu, nimeshaonja, wewe unanyonyesha, kahawa itamnyima mtoto usingizi. Nikakusikiliza kwa sababu ulinihurumia. Nikapeleka." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Halafu nikakaa pale kizingitini nikakungoja useme. Nilijiambia, huyu ni mtoto, anaogopa, lakini atasema. Nimengoja mpaka leo, Kemilembe. Unanijia na mashine."

Malori yalikuwa yakiunguruma nje. Kemilembe aliona mikono yake mwenyewe mapajani, mikono isiyokosea.

"Niliogopa," alisema. "Majani ya kahawa ile nilichuma peke yangu. Nilidhani nimechanganya jani baya. Nilitafuna moja tu, wifi, na yeye mbili. Miaka yote hii nilidhani ni mimi niliyemuua."

Ndiyo ile furaha iliyomjia sakafuni maabara. Miaka kumi na minne alikuwa akilala na jani lisilokuwepo, na ili asilitaje alimwachia mwanamke mwingine abebe kifo.

Tuyizere alimtazama, na usoni mwake kwa mara ya kwanza kulikuwa na mshangao.

"Kumbe," alisema taratibu. "Kumbe na wewe ulikuwa na woga wako."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba."

"Na mimi ishirini na mbili." Alisimama akaanza kuingiza mikungu ndani. "Nitakuja na mtoto kwa daktari wako, leo hii, kwa sababu ni mtoto. Ng'ambo hatuendi. Lakini wewe utakwenda kusema palepale uliposema. Nami nitakuwepo."

Jioni ile Sperancia alikuwa kitandani wodini, na Daktari Rwegoshora alikuwa ameshamwanzishia dawa za kulegeza mishipa taratibu. Kipimo cha picha kilionyesha kitu kama yai juu ya figo ya kushoto. Wiki mbili tatu za dawa, alisema, kisha Mwanza, apasuliwe na watu wanaojua wanachokishika. Kisha akamgeukia Kemilembe. "Na mama yenu? Na ndugu wengine? Wote wapimwe. Na wewe pia." Kemilembe alipimwa palepale. Presha yake ilikuwa sawa, na hakujua kama anastahili.

Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada watu walikaa Kiruruma, sebule ileile, kwa sababu Kemilembe alikuwa amepiga simu akasema kuna jambo la afya ya ukoo. Ma Benadeta alikuwa kwenye kiti chake. Baba mkubwa Dastan alikuja na fimbo yake, mzee sana sasa, sikio moja halisikii. Tuyizere alipoingia, maongezi yalikatika kama redio iliyoisha betri. Hakungoja kuonyeshwa pa kukaa. Alikwenda mwenyewe mpaka kizingitini akakaa pale walipomweka siku ile.

Kikapu cha emwani kililetwa na mjukuu mmoja wa nyumbani. Ma Benadeta alikuwa tayari ameshatia punje mdomoni.

Kemilembe alisimama. Alieleza tezi kwa maneno ya kawaida, ganda na kiini. Alieleza rangi. Alisema Cleophace alikufa kwa uvimbe uliokuwa ukimwaga woga ndani ya damu yake, na kwamba mwanawe anao, na kwamba mtu yeyote wa tumbo lile anaweza kuwa nao. Ma Benadeta alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Mtu mmoja nyuma alianza kusali kwa Kinyambo.

"Ngoja," baba mkubwa Dastan alisema, akimgeuzia sikio zima. "Hizo rangi zenu siwezi kuzibishia, sina macho ya kuziona. Lakini hapa tulikuuliza kama huyu mwanamke alitafuna ya kwanza, ukasema hakutafuna. Ulisema uongo?"

Hapo ndipo angeweza kupita. Mlango ulikuwa wazi: nilisema kweli, baba, hakutafuna. Kweli tupu, nyembamba, safi.

"Hakutafuna," Kemilembe alisema. "Ya kwanza nilitafuna mimi. Jikoni. Kahawa niliichemsha mimi, nikaionja mimi, nikamwambia apeleke. Nilidhani ni safi, na kama ina ubaya, ubaya ni wangu. Mliponiuliza, nikawajibu mlichouliza."

Mzee Dastan alilaza fimbo yake sakafuni. Ma Benadeta alitema ile kahawa kiganjani mwake, akaitazama, uso umemvimba kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua, kisha akamtazama binti yake, kisha, polepole sana, akamtazama mkwewe. Alijaribu kutamka jina. Lilitoka nusu.

Tuyizere aliinuka kizingitini. Alivuka sebule, akafunua kikapu, akachagua punje moja. Aliitia mdomoni mbele ya macho yao wote na kuitafuna bila haraka mpaka ikaisha, ile punje aliyodaiwa miaka kumi na minne. Kisha akafunika kikapu na kukirudisha mezani. Hakumpa mtu.

"Sasa mpime mama yako presha," alimwambia Kemilembe. "Mimi mtoto wangu ananingoja hospitali."